Matembezi ya uchi msituni: jibu kwa binti wa Katuba aliyeko Ujerumani

*"Dokta, jambo. Mimi ni mtoto wa Katuba, hapo Lubumbashi, nina miaka 26, nasoma shahada ya pili Freiburg, Ujerumani. Katika maabara yetu kuna wenzangu, wanaume kwa wanawake, ambao kila mwezi wanakwenda kutembea msituni wakiwa uchi kabisa, viatu tu miguuni na begi mgongoni. Wanafanya hivyo mwaka mzima, hata wakati wa baridi, ila wakati huo wanafupisha njia. Ni watu wazuri, walinipokea vizuri nilipofika, na sasa wananialika. Wanasema inaongeza kinga ya mwili, inaleta vitamini D, na kwamba mimi mwenye ngozi nyeusi sihitaji hata krimu ya jua. Mmoja aliniambia: 'Kwenu Afrika si watu walitembea hivyo zamani? Utajisikia nyumbani.' Sikumjibu. Sikuulizi kama ni dhambi, hilo nitaongea na pasta wangu. Nataka kujua: kuna faida kweli? Baridi haitanidhuru? Kupe je? Polisi je? Na nyuma ya haya yote hakuna mambo ya ngono? Mama akisikia ataanguka. Lakini pia sitaki kupoteza marafiki."*

Jambo, mwanangu, na pole kwa masomo. Umeniuliza kuhusu faida, baridi, kupe, polisi na ngono, halafu mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja, ukaongeza kwamba hutaki kupoteza marafiki. Mimi ni daktari wa ngozi, kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu langu itahusu ngozi na mwili. Huo mstari wa mwisho nao nitaufikia, kwa sababu naona ndio uliokufanya uandike.

Nianze na ngono, maana ndiyo inayowatisha watu wa kwetu kabla ya yote. Watu wanaotembea uchi kwa vikundi, wanaoitwa naturisti, wana historia ndefu huko uliko. Mwishoni mwa karne ya 19 miji ya Ujerumani ilijaa moshi wa viwanda na nyumba zisizo na hewa, na baadhi ya wakazi wakaanza kutoka kwenda mashambani kutafuta jua na upepo kwenye ngozi. Klabu yao ya kwanza ilianzishwa Essen mwaka 1898. Mwaka 1974 shirikisho lao la kimataifa lilikutana Agde, Ufaransa, likaandika kwamba unaturisti ni maisha ya kupatana na maumbile, watu wakiwa uchi pamoja, kwa lengo la kujiheshimu, kuheshimu wengine na kuheshimu mazingira. Ngono haimo humo, na vikundi vyenye msimamo humfukuza anayeileta. Katika milima ya Harz iko njia ya kilomita 18 kutoka Dankerode hadi bwawa la mto Wipper, iliyofunguliwa mwaka 2010 kwa ajili ya watembezi hao, na kibao kinamwambia mpita njia kwamba kama hataki kuona watu uchi asiendelee mbele. Wenzako wanafanya jambo ambalo kwao lina mizizi. Hawakutegi.

Hilo halimaanishi kwamba kila anayejiunga na kikundi ana moyo safi. Kikundi utakipima kwa mambo madogo. Je, wanawake ni wengi, na wanakuja tena na tena? Je, kuna kanuni ya picha inayojulikana na wote? Na zaidi ya yote: ukisema "hapana" au "bado", wanalipokeaje? Mtu anayekucheka kwa sababu unaona haya, au anayesema tatizo lako ni malezi ya kanisa, amekuonyesha tayari kwamba mwili wako anauona kama mjadala wake. Mtu wa hivyo usitembee naye msituni, hata mkiwa mmevaa makoti.

Sasa kuhusu aliyesema utajisikia nyumbani. Nadhani hakukusudia ubaya, lakini amekosea, na una haki ya kumwambia. Mababu zetu katika Katanga na Kasai walifuma nguo za rafia, na vitambaa vya Wakuba vya rafia viko leo kwenye majumba ya makumbusho ya huko huko Ulaya. Walipovaa kidogo kwa sababu ya joto au kazi, bado kila mtu alijua kipi kifichwe mbele ya nani. Na uchi kwetu una uzito wake. Mama mzee akivua nguo hadharani kwa hasira, watu hukimbia, kwa sababu hiyo ni laana. Ukiona moyo unakudunda ukifikiria kuvua nguo mbele ya wenzako wa maabara, hiyo si dalili ya ugonjwa wala ya ushamba. Ni malezi yako yanafanya kazi yake. Wanaozoea husema haya hupungua sana baada ya dakika chache, na mimi nawaamini, maana mwili huzoea kila kitu kisichouumiza. Lakini haya inayotoka kwenye jambo unalolithamini haihitaji kutibiwa.

Tuje kwenye faida. Kutembea kuna faida kubwa sana, na hilo halina ubishi: moyo, sukari ya damu, shinikizo la damu, usingizi, huzuni ya miezi ya giza, vyote hunufaika. Kutembea msituni na watu unaowapenda kunafaa zaidi kwa mwanafunzi aliye mbali na kwao. Faida hizo zote zinakuja na suruali. Kuhusu kinga ya mwili, wenzako huenda wamesikia utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2016, ambapo watu zaidi ya 3,000 waligawanywa, baadhi wakamalizia kuoga kwao kwa maji baridi kila siku. Waliooga baridi walikosa kazi kwa ugonjwa pungufu kwa asilimia 29. Lakini siku zenyewe walizojisikia wagonjwa hazikupungua. Yaani waliugua kama wengine, ila waliamka wakaenda kazini. Ni jambo zuri, lakini hilo si sawa na kinga kuongezeka, na wala halikuhusu kutembea uchi.

Vitamini D ndiyo hoja yenye ukweli ndani yake, lakini ukweli huo umegeuzwa. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa mionzi ya jua aina ya UVB. Melanini yetu huichuja mionzi hiyo, kwa hiyo mtu mweusi anahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko mwenzake mweupe ili apate kiasi kile kile. Hapa Lubumbashi hatuoni shida, jua hupanda juu mwaka mzima. Freiburg iko nyuzi 48 kaskazini. Kuanzia mwezi wa kumi hadi wa tatu jua la huko liko chini sana, na UVB inayofika ardhini haitoshi. Ukitembea uchi siku nzima mwezi wa kwanza utaganda kwa baridi kabla ya kupata vitamini D. Unachohitaji ni vidonge. Mamlaka ya lishe ya Ujerumani hupendekeza mikrogramu 20 kwa siku, yaani IU 800, kwa mtu ambaye ngozi yake haitengenezi, na famasia yoyote inavyo bila karatasi ya daktari. Ukisikia maumivu ya mifupa au uchovu usioisha, omba wapime kiwango chako cha damu. Hili ningekuambia hata kama hukuuliza habari ya uchi, kwa sababu wanafunzi wetu wengi walioko kaskazini hawaambiwi.

Na krimu ya jua? Aliyekuambia huihitaji amesema nusu ya ukweli. Ngozi nyeusi kwa wastani hujikinga na jua kiasi cha krimu yenye namba ya kinga (SPF) 13 hivi, na nyeupe kiasi cha 3. Ni kinga kubwa, lakini si ukuta. Katika majira ya joto, ukitembea masaa matano bila nguo, zitaungua zile sehemu ambazo hazijawahi kuliona jua tangu utotoni: matiti, makalio, nyonga. Kwetu kuungua hakuonekani kama wekundu. Utasikia joto, mkazo, ngozi ikiuma nguo inapogusa, na wiki moja baadaye itachubuka na kuacha mabaka meusi. Paka krimu ya namba 30 sehemu hizo, rudia kila masaa mawili, vaa kofia.

Hapa niseme jambo ambalo wasichana wengi huona vigumu kulitaja. Kama uliwahi kutumia krimu za kung'arisha ngozi, zile zenye haidrokwinoni au kotikosteroidi zinazouzwa sokoni kwetu bila maelezo, ngozi yako ni nyembamba kuliko inavyoonekana. Jua juu ya ngozi hiyo huleta weusi mgumu wa rangi ya bluu-kijivu ambao mimi daktari wa ngozi nahangaika kuuondoa na mara nyingi nashindwa. Kama ndivyo, usivue nguo juani, na mwone daktari wa ngozi huko uliko bila kuona haya. Hatutagomba.

Baridi sasa. Wewe ni mtu wa Lubumbashi, baridi si ngeni kwako. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi tunashuka chini ya nyuzi 10, na mama zetu wanauza mikate wamejifunika mablanketi. Tofauti ni kwamba kwetu saa nne jua linatupasha, na huko halikupashi.

Mtu aliyekaa uchi bila upepo anahitaji hewa ya nyuzi 28 hivi ili mwili wake usihangaike kujipasha. Chini ya hapo mishipa midogo ya ngozi hujibana, damu inakimbilia ndani kulinda moyo na ubongo, na vidole ndivyo vinavyolipa kwanza. Isipotosha, misuli huanza kutetemeka ili izalishe joto. Lakini anayetembea kwa kasi kupanda mlima huzalisha joto mara nne au tano ya aliyekaa, na ndiyo maana wenzako wanaweza kutembea uchi kwenye nyuzi 12 wakatoka jasho na kukuambia, kwa ukweli, kwamba hawasikii baridi. Hatari inaanza wanaposimama. Ni kama mbabula: ukiacha kuipepea makala hupoa, ila hapa ngozi iliyolowa jasho inaendelea kupoteza joto kwa kasi ile ile. Mishipa ilikuwa imefunguka kwa ajili ya kazi, jasho linakauka na kuondoka na joto, upepo wa kileleni unamalizia. Dakika kumi za kula mkate zinaweza kukupoza kuliko saa nzima ya kutembea.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza kwa yeyote anayetembea hivyo ni kwamba nguo huvaliwa kabla ya kusikia baridi, mara tu mnaposimama, na ziwe kavu, zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwenye begi. Kumbuka pia urefu wa milima. Kila ukipanda mita 100 hewa inapungua joto kwa nusu nyuzi au zaidi kidogo. Freiburg iko chini ya mita 300, na kilele cha Feldberg, mlima mkubwa wa Schwarzwald, ile milima ya misitu iliyo jirani na Freiburg, kina mita 1,493, kwa hiyo asubuhi ya nyuzi 15 mjini ni nyuzi 8 huko juu, bila kuhesabu upepo. Na chupa ya pombe kali inayozungushwa "kupasha mwili" iache ipite. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, unasikia joto usoni huku joto la ndani linatoroka.

Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 mtu huanza kujikwaa, maneno yanamtoka kwa shida, anakuwa mbishi, anasema yuko sawa. Ukiona hivyo kwa mwenzako, au wakiona hivyo kwako, safari imeisha: nguo kavu, kofia, kinywaji cha moto chenye sukari, na simu 112. Mtu akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi, hiyo ni dharura, hajapona.

Wanaotembea hivi miaka mingi huvumilia zaidi, kwa sababu mwili ukizoezwa baridi kwa wiki na wiki hupunguza kutetemeka. Wewe huna mazoea hayo. Ukiamua kujaribu, usianze kabla ya mwezi wa sita, na matembezi ya majira ya baridi usiyaguse mwaka wa kwanza.

Kuna swali moja ambalo wenzako hawatakuuliza, kwa sababu kwao ni nadra: unajua aina ya hemoglobini yako? Congo yetu ina watu wengi sana wenye chembechembe za selimundu. Kama wewe ni SS, yaani una ugonjwa wenyewe, baridi peke yake inaweza kukuletea shambulio la maumivu ya mifupa na kifua, na jibu langu ni hapana, kwa msimu wowote ambao si wa joto kamili. Kama ni AS, yaani umerithi upande mmoja tu, kutembea kwa kawaida hakuna tatizo, ila kunywa maji ya kutosha na usijilazimishe kukimbia mlimani. Kama hujui, pima. Kipimo ni rahisi, na utakihitaji hata siku ya kuolewa. Pumu inayoamshwa na baridi, vidole vinavyogeuka rangi na kufa ganzi, au vipele vinavyotoka ngozi ikiguswa na maji baridi, navyo ni sababu za kubaki na nguo zako.

Kuhusu kupe niruhusu nikae kidogo, kwa sababu hadithi hii inatuhusu. Wazee wa kwetu wanamjua kimputu, kupe wa sakafu za udongo anayeng'ata usiku na kuleta homa inayokwenda na kurudi. Mwaka 1905 daktari Mwingereza Joseph Dutton alikuwa Kasongo, Maniema, akichunguza homa hiyo, nayo ikamwua hapo hapo. Kidudu kinachoisababisha kinabeba jina lake hadi leo, Borrelia duttonii. Miaka mingi baadaye kijana mmoja wa Basel, mji ulio jirani na wewe hapo, Willy Burgdorfer, alifanya utafiti wake wa udaktari juu ya huyo huyo kimputu na kidudu chake. Akahamia Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipopasua kupe wa msituni huko, macho yake yakatambua ndugu wa kidudu cha Kasongo. Ndugu huyo ndiye anayeleta ugonjwa wa Lyme, na katika misitu ya Schwarzwald yupo.

Kupe wa huko hukaa kwenye majani na vichaka vifupi, hawaanguki kutoka juu ya miti kama watu wanavyosema. Huamka joto likifika nyuzi 7 hivi, na kilele chao ni kuanzia mwezi wa nne hadi wa saba. Mtembezi aliye uchi hana suruali ya kuwazuia, ingawa pia hana nguo za kujifichia kupe. Tatizo lako ni rangi: kupe mchanga ana milimita moja au mbili, na kwenye ngozi yetu macho humpita. Tumia vidole. Kila mkitoka msituni, papasa nyuma ya magoti, kinena, chini ya matiti, kwapa, kitovu, nyuma ya masikio na ukingo wa nywele. Ukimkuta, mshike karibu kabisa na ngozi kwa kibano, mvute moja kwa moja, safisha. Usimpake mafuta wala kumchoma. Kidudu cha Lyme kwa kawaida huhitaji masaa mengi, mara nyingi nusu siku au zaidi, kabla ya kuingia, kwa hiyo kupapasa jioni ile ile kunasaidia sana.

Andika tarehe, angalia mahali hapo kwa mwezi mmoja. Vitabu vyote vinasema utaona duara jekundu linalopanuka. Kwenye ngozi nyeusi duara hilo linaweza kuwa la zambarau, la kahawia, au kivuli tu chenye joto kidogo. Huko Marekani imeonekana kwamba Weusi hugunduliwa mara nyingi ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye viungo, kwa sababu alama ya kwanza haikutambuliwa na yeyote. Ukiona kivuli kinachopanuka, nenda kwa daktari na umwambie waziwazi: nilikuwa msituni, niling'atwa na kupe, kwangu hakitakuwa chekundu. Dawa ipo na inaponya vizuri ikianza mapema.

Kuna na virusi vya ubongo vinavyobebwa na kupe hao hao, na hivyo huingia mara moja, havisubiri masaa. Dawa yake haipo, chanjo ipo, ya sindano tatu. Mkoa wa Baden-Württemberg unahesabiwa karibu wote kuwa eneo la hatari, na bima yako ya mwanafunzi kwa kawaida hulipa. Chanjwa hata kama utatembea umevaa tangu kichwa hadi miguu.

Mengine ya msimu nayataja upesi. Mwezi wa tano na wa sita kuna viwavi wa miti ya mwaloni wenye nywele za sumu. Najua sisi tunapenda viwavi, lakini hawa usiwasogelee, nywele zao zinapeperuka na kuwasha ngozi na macho. Kuna mmea mrefu wenye maua meupe kama mwavuli mkubwa, Wajerumani wanauita Riesen-Bärenklau, ambao utomvu wake ukikugusa kisha jua likapiga unakuunguza kama maji ya moto. Mwishoni mwa mwaka kuna ukungu na wawindaji. Na mwaka mzima kuna miiba. Kwa mzungu mkwaruzo wa mwiba huisha wiki mbili. Kwetu unaacha alama nyeusi kwa miezi, na kama katika familia yenu kuna watu wenye makovu yanayovimba, kila jeraha la kifuani au begani ni hatari ya kovu la kudumu. Mikanda ya begi juu ya bega tupu nayo huchubua. Kwa sababu hii peke yake, mimi ningependa mabega yako yafunikwe.

Polisi. Mimi si mwanasheria, lakini jambo la msingi liko wazi. Ujerumani haina sheria inayosema kuwa uchi ni kosa. Ipo kanuni ya faini, kifungu cha 118 cha sheria ya makosa madogo, kwa anayewakera watu hadharani. Ndiyo maana vikundi huchagua njia zisizo na watu na kubeba kitu cha kujifunika. Ukivuka mpaka mambo yanabadilika: mwaka 2009 wananchi wa Appenzell Innerrhoden, Uswisi, walikusanyika uwanjani wakapiga kura kwa mikono kupiga marufuku matembezi ya uchi, faini faranga 200, na mwaka 2011 mahakama kuu ya nchi hiyo ikakubali kwamba mtembezi anaweza kutozwa faini. Ufaransa nayo ina sheria yake kali zaidi. Kwa hiyo uliza njia inapita wapi. Na ukirudi nyumbani usifikirie kulileta: kifungu cha 176 cha sheria yetu ya adhabu kinagusa vitendo vya hadharani vinavyovunja staha, kifungo siku 8 hadi miaka 3.

Kinachonitia wasiwasi kuliko polisi ni simu. Picha moja ya kikundi, hata iliyopigwa kwa nia njema, ikiingia WhatsApp itafika Katuba kabla hujashuka mlimani. Sheria ya Ujerumani inalinda picha za faragha, lakini haiwezi kuifuta kwenye simu za wajomba zako. Kama kikundi hakina kanuni ya kuweka simu ndani ya begi, usivue hata skafu.

Sasa huo mstari wa mwisho. Una njia zaidi ya mbili. Unaweza kukataa kabisa, na hudaiwi maelezo na mtu: "Asante kwa kunialika, hili si langu." Unaweza kwenda nao ukiwa umevaa, kwa sababu vikundi vingi humruhusu mgeni kubaki na nguo, na hili ndilo ningeliuliza kwanza kama ningekuwa wewe: "Napenda kutembea nanyi, mimi nitavaa. Inawezekana?" Jibu lao litakufundisha mengi. Unaweza kujaribu nusu, siku ya joto, na kikwembe chako kiunoni. Kibebe kwa vyovyote, maana watu hao hawakai popote bila kitambaa chini, na kikwembe kinakausha, kinafunika na kinakaliwa. Na unaweza kujiunga kikamilifu, ukiwa mtu mzima, kwa masharti niliyoeleza. Kama daktari sina sababu ya kukukataza hata mojawapo, ukiwa mzima na kukiwa na joto. Ninachokuomba ni usivue nguo ili kulipa deni la ukarimu. Waalike nyumbani kwako, wapikie bukari na sombe, watembeze wewe Jumapili nyingine wakiwa wamevaa. Urafiki wa maabara unajengwa pia hivyo.

Mama si lazima aambiwe kila kitu unachofikiria. Lakini ukijiona unapanga uongo wa kumwambia, jipe wiki nyingine kabla ya kuamua.

Na kama uliwahi kufanyiwa ukatili juu ya mwili wako, na mtu akikuambia kwamba kutembea uchi kutakuponya, usikubali. Hiyo ni kazi ya mtu aliyesomea. Huduma ya ushauri ya Studierendenwerk, yaani ofisi ya huduma za wanafunzi, hapo chuoni ni ya wanafunzi wote, na yanayosemwa humo hayatoki nje.

Nenda kwa daktari ana kwa ana ukiona alama inayopanuka mahali ulipong'atwa, uso ukilegea upande mmoja, viungo vikivimba, ngozi ikitoa malengelenge baada ya jua au mmea, au vidole vikibaki na ganzi baada ya kupashwa moto. Nenda siku hiyo hiyo ukipata homa na maumivu makali ya kichwa na shingo ngumu ndani ya wiki nne za kung'atwa na kupe. Na kama umetoka Lubumbashi miezi ya karibuni, usikubali homa yoyote ihesabiwe kuwa ya kupe au mafua tu: waambie umetoka Congo, na uwaombe wapime malaria kabla hujaondoka pale.